Wifi Bogusia na Baraka ya Mama Doreen

Wifi yangu Bogusia ni mtafsiri, na msidhani namsifu. Anachosha! Miaka nenda miaka rudi, pale Tarnów, Polandi, kazi yake ni kugeuza Kipolandi kuwa Kiingereza: vyeti, mikataba, maelekezo ya matrekta. Ukimwuliza neno moja, hakujibu, anakuuliza wewe.

Nilipokuwa najifunza vijineno vya Kiingereza vya kumpokea mkwe, huku najaribisha gauni, nilimpigia kelele kutoka chumbani: "Wifi, zamek kwa Kiingereza ni nini?"

Akaja taratibu na chai yake mkononi. "Ipi? Ngome ya mfalme, kitasa cha mlango, au zipu?"

"Niko hapa mgongo wazi, gauni limegoma kufunga, unaona ngome hapa?"

"Ungenipa sentensi nzima."

Ndivyo alivyo. Lakini siku alipoolewa mwanangu Kalina, Mungu ambariki, nilimpenda mwanamke yule.

Bwana harusi ni Colin, Mwingereza, mtoto pekee wa mama yake, Doreen. Tangu ashuke kwenye ndege mama huyo alikuwa amenuna, maana kijana anabaki huku kwetu. Sasa, kwetu maharusi hawatoki kwenda kanisani kabla wazazi wa pande zote hawajawabariki nyumbani, wao wakiwa wamepiga magoti. Asubuhi hiyo Doreen akamwambia Bogusia, "Hayo ni mambo yenu. Mimi nitaangalia tu."

Kalina akasikia. Wanja ukamchuruzika mashavuni. "Mama, bila baraka yake sitoki."

Damu ikanichemka. Kumbe mwanangu hafai? Nilikuwa nakwenda kumpasha huyo mama, Bogusia akanishika kiwiko. "Wiesia, funga mdomo. Anaogopa tu. Twende sebuleni."

Tukajazana sebuleni. Nje wapiga kodiani wanasubiri, bigos, kabichi yetu ya nyama, inanukia hadi barabarani. Maharusi wakapiga magoti kwenye mto wangu wa sherehe. Mimi na mume wangu tukawabariki, kisha baba mkwe wangu, mzee Zenon, akashika maji ya baraka, akasema: "Wajukuu zangu, nyumbani mwenu kuwe na pokój daima."

Bogusia, aliyekuwa akimnong'oneza Doreen tafsiri, akaikatiza. Moyo wangu ukasema, we mwanamke, usithubutu! Akathubutu. "Baba, amani au chumba?"

"We mtoto!" mzee akafoka. "Nimeshika maji ya baraka, nizungumzie vyumba?"

"Baba, unakumbuka uliahidi kuwajengea chumba cha juu."

"Basi amani! Na hicho chumba nitajenga, unaniaibisha mbele ya wageni!"

Watu wakaangua kicheko. Na Bogusia, ambaye hajui kuficha neno, akamtafsiria Doreen ugomvi wote, neno kwa neno, mpaka kile kidole mzee alichokuwa akimtikisia. Doreen akaanza kutikisika mabega. Akacheka! Akacheka mpaka akatafuta leso.

Kisha akasogea mbele, hakuna aliyemwita. Hakujua mikono iwekwe wapi. Mzee Zenon akaichukua, akauweka mmoja juu ya kichwa cha Kalina, mwingine juu ya cha Colin. Doreen akamwinamia mwanangu, akasema maneno machache. Colin akawa mwekundu kama bitiruti iliyochemshwa. Kalina akalia na kucheka kwa pamoja.

"Kasemaje?" nikamvuta wifi mkono. "Sema basi!"

Mara hii hakuuliza ipi. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Amesema, Colin anaogopa radi. Ikipiga, asimcheke, amshike tu mkono."

"Hiyo ndiyo baraka?"

"Hiyo ndiyo, Wiesia."

Jamani. Siri ya mwanawe, ameitunza tangu anamlea, anamkabidhi binti yangu mbele ya halaiki! Nikapita katikati ya watu, karibu nimwangushe mzee na maji yake, nikamkumbatia yule mama kwa nguvu zangu zote.

"Wifi!" nikapiga kelele juu ya bega lake. "Mwambie na wangu, Kalina, anakoroma! Mwambie haraka!"