Waliobonyeza Kakuma

Awoi hajui kutulia. Miaka mitatu tumefanya kazi chumba kimoja katika chuo chetu kidogo cha ufundi, Lodwar, na sijawahi kumwona akimaliza chai akiwa kwenye kiti. Kazi yake ni matangazo. Anatunza tovuti ya chuo, analipia tangazo kwenye simu za watu, kisha anaangalia nani amekuja. Wiki ile hesabu zilimkataa.

Tangazo lilikuwa la darasa la ufundi wa sola, lifunguliwe Kakuma kwa wenyeji na wakimbizi pamoja. Kampuni ya matangazo ilisema limebonyezwa Kakuma mara mia sita na kumi na nne. Takwimu za tovuti yetu zikasema waliofika kutoka Kakuma ni arobaini na mmoja. Fomu zilizojazwa, tatu.

"Basi hawana haja," Madam Jepkoech, mkuu wetu, alisema Jumatatu. "Darasa tunalileta Lodwar. Ijumaa nawaandikia wafadhili."

"Na hao wengine, Madam? Wamepotelea wapi?" Awoi akauliza.

"Hiyo kampuni inatafuta pesa tu. Mimi naamini tovuti yetu."

Nakiri, hata mimi niliamini tovuti. Mia sita ilininukia wizi. Lakini Awoi alikuwa amelipigania darasa lile mwaka mzima, na sasa alikuwa hashikiki. Anafungua takwimu, anafunga, anatoka juani, anarudi. Aliikasirikia kampuni, akaikasirikia tovuti, akanikasirikia na mimi kwa kutafuna njugu.

Jumatano asubuhi akasimama ghafla. "Baba yangu kule Kerio hahesabu mbuzi," akasema. "Anawaangalia wakiingia zizini, halafu anakwambia yule mweusi wa sikio moja hajarudi. Sisi tunajua ni wangapi hawapo. Hatujui ni nani. Chukua mkoba, twende."

"Twende wapi?"

"Kakuma! Wapi kwingine?"

Saa sita mchana tulikuwa sokoni ndani ya kambi. Awoi aliingia kibanda cha kwanza alichokiona, cha fundi cherehani. Mwenyewe aliitwa Adhieu, mama kutoka Sudan Kusini, na simu yake ilikuwa ndogo, kioo kimepasuka. Awoi akamwonyesha tangazo.

"Hiyo naijua," Adhieu akasema. "Mimi nabonyeza Jumamosi, nabonyeza Jumapili, jana mara tatu."

"Bonyeza tena, dada, nione."

Akabonyeza, na kampuni ikahesabu moja papo hapo. Kioo kikawa cheupe, kiduara kikaanza kuzunguka. Tukangoja. Adhieu akashona mkono mzima wa gauni, akatazama: bado kinazunguka. Halafu bando ikaisha. Tovuti yetu haimhesabu mtu mpaka ukurasa umalize kufunguka, kwa hiyo kwetu mama huyu hakuwahi kuja. Kule kwa kampuni alikuwa ameshakuja mara sita.

Awoi akakaa chini, juu ya gunia la vitambaa, na hakuna aliyemkaribisha kiti. Alishajua. Juu kabisa ya ukurasa aliweka video nzito ya dakika mbili, ziwa na ngamia na wanafunzi wakicheka, kazi ya mikono yake. Ofisini kwetu ilifunguka mara moja, na mimi ndiye niliyeisifu kuliko wote. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mimi nilifikiri nyinyi mnaniona," Adhieu akasema, mguu bado uko kwenye cherehani. "Simu inawaambia huyu ni mkimbizi, nyinyi mnafunga. Basi, leo nilisema sibonyezi tena."

Machozi yalimtoka Awoi, akayafuta kwa hasira. Akafungua kompyuta yake magotini, akaifuta video, akamtumia Adhieu bando. "Bonyeza."

Ukurasa ukafunguka. Adhieu akausoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka wa mwisho. Hapo kidole kikasimama. Kujiandikisha kulikuwa kumefungwa jana.

Adhieu aliiweka simu kifudifudi, akavuta tena gauni alilokuwa akishona.

"Hapana, dada, ngoja!" Awoi akasema. Akasogeza tarehe mbele wiki mbili, pale pale, bila kumuuliza mtu, kisha akampigia mkuu wetu.

"Madam, niko Kakuma. Hawakukosa haja. Mlango niliufunga mimi, kwa ile video. Sasa nimeufungua na tarehe nimeisogeza."

"Kwa ruhusa ya nani, Awoi?"

"Sina ruhusa. Ukitaka, Ijumaa nifukuze. Ila barua usiandike, kwa sababu leo watu wanajiandikisha."

"Jioni nataka majina," Madam akasema. "Majina, si namba." Akakata.

Adhieu alikuwa ameigeuza simu tena. "Hapa naandika jina yangu yote tatu?"

"Yote," Awoi akamjibu. Alikuwa ameshasimama mlangoni, akisikiliza cherehani ya kibanda cha pili.