Pama ya Baba

Juzi niliona kofia ya pama ya sufu sokoni Nyasubi, pua yangu ikakumbuka gundi ya mgunga ikichemka.

Nilikuwa mtoto, na tulikuwa tumemzika baba. Mdogo wake alikaa mlangoni, hasogei.

“Inyooshe kofia ya kaka, shemeji. Nikiivaa mbele ya wazee, mji huu ni wangu, na wewe pia.”

Mama aliilowesha kwa maji ya moto, akakivisha kibuyu kidogo kuliko kichwa cha mtu, akaipaka gundi na kuianika mpaka ikawa ngumu kama gome. Nilidhani msiba umempotezea kipimo.

Jioni, mbele ya wazee, baba mdogo aliisukuma kichwani kwa mikono miwili. Ikakaa juu kama kifuniko.

“Marehemu kakukataa,” mzee mmoja alisema, wengine wakacheka.

Mama hakucheka. Alimtazama baba mdogo mpaka akaondoka, huku akipuliza vidole vyake vilivyoungua.