Bei ya Sindano

Bado nasikia sindano za chuma zikigongana ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nilikuwa nafagia zahanati moja karibu na mpaka wa Petite Barrière, na kelele hiyo ilinichekesha kila asubuhi. Siku moja ikanyamaza. Zililetwa sindano za plastiki, kila mgonjwa na yake, akishachomwa inatupwa.

Binti wa mama yangu mdogo, aliyerudi kutoka Tanzania, ndiye aliyepewa kazi ya kupita madukani na kwenye zahanati akiandika bei kila mwezi, ijulikane vitu vimepanda kiasi gani. Alikuwa na mkoba mpya na kalamu ya kuning'inia shingoni. Nilimwonea wivu, maana kazi hiyo niliiota mimi.

"Sindano imepanda bei," alisema akiandika.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Ile ya zamani ilikuwa inachoma watu wote. Hii iko ya mutu mumoja. Haiko kitu kimoja, donc basi haiyapanda."

Akacheka. "Mdogo wangu, wewe fagia. Fomu ina mstari mmoja tu wa sindano."

Muuguzi akamwita ndani wanywe chai. Mimi sikuitwa. Fomu ilibaki kwenye benchi pamoja na kalamu aliyoivua shingoni, basi nikaichukua, nikaandika kando ya ile bei, kwa herufi zangu kubwa zilizopinda: "Hii ni sindano nyingine."