Waliningoja Nishibe

Waliniacha nimalize kula kwanza. Mengine yote nimejaribu kuyameza. Hilo limekataa kushuka.

Walikaa mbele yangu, shangazi wa mume wangu na mdogo wake mume wangu, kwenye meza ya resto ya pizza, saa ya mchana, Jumapili. Wakanitazama nikitafuna. Wakanisogezea kipande kingine. Nilipocheka, walicheka. Na muda wote huo walijua kwamba baba wa watoto wangu amekufa na amekwisha zikwa. Walikuwa wananingoja nishibe.

Hiyo resto iko njiani ukitoka Mabanga kuelekea mjini. Kuta za mbao, mabati juu, tanuri la mawe yaleyale meusi ya volkano yaliyojenga nusu ya vyoo vya mtaa wetu. Mlango umepakwa kijani, nyeupe na nyekundu. Wanaiita resto ya Waitalia, na hakuna Mwitalia aliyewahi kuingia humo. Muzee, mwenye resto, alipikia mapadri Waitalia upande wa Bukavu mpaka walipozeeka wakarudi kwao, naye akaja Goma na mapishi yao kichwani. Kwanza alipika spaghetti kama mapadri walivyotaka, ngumungumu katikati. Watu wa Goma wakamrudishia sahani. "Muzee, hii haiyaiva." Sasa anazichemsha mpaka zinalegea kama kamba za viatu, na kila mtu anasema ndiyo za Italia kabisa. Pizza yake inayopendwa ni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wamekaangwa wakakauka, wamemwagwa juu ya tomati na fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe.

Fromaji ilitoka Masisi. Aliyeileta ni mume wangu.

Yeye ni mtu wa Bukavu, ng'ombe alikuwa akiwajua kwenye sahani tu. Mimi ndiye wa milima ya Masisi, wajomba zangu ndio walimfundisha kubonyeza fromaji kwa kidole gumba na kujua kama imekomaa au inadanganya. Alikuwa akiwaambia watu kwamba alinioa kwa sababu ya maziwa ya wajomba. Alipanda na pikipiki katikati ya juma, akashuka na magurudumu ya fromaji yamefungwa nyuma kwa mpira, akayagawa kwenye resto za mjini. Na Jumapili, baada ya misa, alitupeleka kula kwa Muzee. Pizza moja, spaghetti moja, sukre, soda ya machungwa, ya mtoto. Haikuwa resto ya wakubwa. Ilikuwa mahali ambapo mwalimu, au kijana wa pikipiki, au karani aliyekosa mshahara, anaweza kumkalisha mke wake kwenye kiti na mtu mwingine amletee chakula. Ukiwa mwanamke wa Mabanga, unayepuliza makaa tangu asubuhi, utaelewa ninachosema. Pale nilikuwa mtu.

Alikaa sikuzote upande unaotazama barabara, apate kuona pikipiki yake.

Kisha vita vikaingia mjini. Sitaeleza vita, kila mtu hapa ana vita vyake. Benki zikafunga milango, wazungu wa misaada wakapungua, resto kubwa za kando ya ziwa zikabaki na viti juu ya meza. Ya Muzee haikufunga. Na kwa sababu haikufunga, ilihitaji fromaji. Nilimwambia mume wangu aache. Akasema njia ya Masisi imetulia, ameuliza watu, atapanda na kushuka, Jumapili tutakula pamoja. Alivaa koti la bluu. Sikumsindikiza mpaka nje kwa sababu nilikuwa nikimnyonyesha mdogo.

Jumapili ilifika bila yeye. Simu ikawa inaita, kisha ikawa haiiti.

Baadaye mama mmoja anayeuza maharagwe, anayepitia Bunagana, alisema kwamba amemwona mwanaume mwenye koti la bluu kule mpakani, karibu na kizuizi cha forodha, amekonda, anasukuma mizigo ya watu. "Sijue kama njo yeye," alisema, "lakini alikuwa na ile shingo." Mume wangu alikuwa na shingo ndefu. Nikaishi kwa hiyo shingo. Nilijiambia walimkamata, wakamchukulia pikipiki, akakimbilia kule, hana simu, anatafuta nauli. Nilikuwa na kila kitu kimepangwa kichwani, hata yale matusi nitakayomtukana akiingia.

Nyumbani chakula kilikataa kupita. Nilipika, nikawapa watoto, changu kikapoa. Jirani alikuwa akichungulia sufuria na kutikisa kichwa. Lakini Jumapili nilienda kwa Muzee, mkubwa wangu wa miaka sita mkononi, mdogo mgongoni, kwa sababu alisema Jumapili, na yeye ni mtu wa kutimiza. Pale nilikula. Nilikula kama mtu anayeshikilia nafasi ya mwingine kwenye mstari. Nikiacha kuja, nani atajua kwamba tunamngoja?

Msichana anayehudumu alikuwa ananiuliza kila mara akifuta meza: "Na papa iko wapi?"

"Iko njiani."

"Aje haraka, fromaji inaisha." Halafu anaweka uma tatu, pamoja na ya mume wangu, mbele ya kiti kinachotazama barabara.

Kile kiti hakikuwa kitupu. Sijui niliseme vipi ili msinione mwendawazimu. Pikipiki ikipunguza mwendo nje, mimi na mtoto tuligeuka pamoja, na tukirudisha macho mezani ilikuwa kama mtu amekaa sasa hivi na hajatuambia jambo. Siku nyingine nilisikia harufu ya koti lake, petroli na maziwa yaliyoganda. Nilimuuliza mtoto kama anaisikia. Akasema, "Nyamaza, mama. Iko anakula."

Jumapili moja yule msichana hakuuliza. Alifuta meza, akaweka uma mbili.

"Na ya tatu?" nikamwambia.

Akaileta. Aliiweka kwa mkono mmoja huku anatazama mlango wa jikoni. Nilidhani ni uvivu. Nilimsema kwa sauti, mbele ya wateja, kwamba kazi imemshinda. Akaendelea kufuta meza iliyokuwa safi tayari. Msichana mwenye ulimi kama ule! Hapo ningepaswa kujua.

Juma lililofuata shangazi akaomba mkubwa wangu aende kulala kwake Katoyi, acheze na wenzake. Kisha akanitumia ujumbe kwamba Jumapili tutaonana palepale ku resto yenu. Shangazi yule pizza anaiita mkate uliotapikiwa. Hajawahi kukanyaga pale. Nilisoma ule ujumbe nimesimama, nikausoma tena kwa furaha. Amepatikana, nilisema. Yuko Bunagana kweli, wametuma mtu. Vinginevyo, kwa nini shangazi avumilie mkate uliotapikiwa? Nilivaa kitenge kizuri. Nilijipaka mafuta miguuni.

Nikawakuta wamefika, yeye na shemeki, yule mdogo wa mume wangu, wamekaa. Kiti kinachotazama barabara alikaa shemeki. Sikupenda, lakini nikasema leo ni siku nzuri, nimwache.

"Muke wetu," shangazi akasema, "leta mutoto nimupakate. Ukule vizuri."

Nikamfungua mdogo mgongoni nikampa.

"Shangazi, leo umeamua kula matapishi?"

"Nitakula ya mwisho-mwisho, nikishaona kama yanakuua weye kwanza," akasema, na tukacheka wote. Nilicheka mpaka nikashika meza. Ndicho kicheko kinachoniamsha usingizini.

Muzee aliileta pizza mwenyewe, na si kawaida yake kutoka jikoni. Aliiweka, akabaki amesimama na kitambaa mkononi.

"Muzee, unangoja nini?" nikamwambia. "Leo kuko feti, kuko sherehe. Kata vizuri."

"Kula, mama," akasema. "Kula." Akarudi jikoni.

Nilitaka kuuliza habari mara moja. Shangazi akainua kiganja. "Kwanza kula. Habari haikimbie." Basi nikala. Shemeki alikula vipande vitatu, akanieleza kisa cha mtu aliyenunua kuku bandia sokoni, sikumbuki hata kilivyoisha. Nilimaliza changu. Shangazi akasukuma na chake, hakuwa amekigusa. Nikakila nacho. Njaa ya siku zote zile ilikuwa imerudi pamoja. Mafuta yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na nilikuwa nawaza kwamba Jumapili ijayo atakuwa hapa, nitamwonyesha jinsi nilivyokonda.

Shangazi akaniangalia nikilamba kidole.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, shangazi. Sana."

"Basi shika meza," akasema.

Akaniambia. Alifia njiani akishuka kutoka Masisi, mbele kidogo ya daraja, na pikipiki yake na mzigo wake. Watu wa kijiji walimzika kwenye shamba la migomba kwa sababu hawakuweza kumwacha barabarani. Mmoja wa wauza fromaji alileta habari pamoja na kitambulisho cha mume wangu. Kwanza alipita hapa, kwa Muzee, maana hapa ndipo alipomjua mume wangu.

Sikulia. Watu wanasema nililia, si kweli. Niliuliza, "Mulijua tangu lini?"

"Tulijua."

"Nauliza tangu lini!"

"Tangu kabla ya yenga ile ingine, Jumapili iliyopita," shemeki akasema, anatazama mikono yake.

"Na mulikaa hapo munaniangalia nakula? Muliniacha nicheke?"

"Weye ni mama wa kunyonyesha," shangazi akasema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mutu mwenye njaa hapewe habari ya kifo. Mama mwenye mutoto ku ziwa, ndiyo kabisa. Maziwa inakauka siku ile ile, mutoto anafuata baba yake. Nimeona. Ku nyumba haukuwa unakula, jirani alituambia. Unakula hapa tu. Tungekupatia wapi?"

"Na weye!" nikamgeukia shemeki. "Weye pia unanyonyesha? Ulikula vipande vitatu!"

"Shangazi aliniambia nikule," akasema, machozi yakimshuka kwenye sahani. "Ili uone tunakula, na weye ukule."

Sote tumelelewa na desturi hiyo. Mama yangu aliifuata, na mimi mwenyewe nimewahi kukaa kimya karibu na mtu anayekula, na nikaona ni heshima. Sikujua inavyokuwa upande wa pili wa sahani. Msiniambie kwamba mlinihurumia. Mlinifanya nisherehekee. Kifo cha mume wangu kimekaa kinywani mwangu na ladha ya sambaza na tomati, na sitaweza kuitoa. Ndiyo, maziwa hayakukauka. Mtoto ananyonya mpaka leo, amenenepa. Shangazi anamnyanyua mbele ya watu kama ushahidi. Anaweza kuwa na haki. Sijamsamehe.

Nilimchukua mdogo kutoka mikononi mwake, nikamfunga mgongoni. Yule msichana alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ameziba mdomo kwa aproni. Shangazi akanifuata mpaka nje.

"Unaenda wapi? Watu wanakuja ku matanga."

"Katoyi. Kuchukua binti yangu."

"Muache akule kwanza, tutamwambia kisha."

Sikumjibu. Nilitembea mpaka Katoyi kwa miguu, juu ya mawe, na viatu vya misa. Nilifika wakati wanapakua. Watoto wamekaa kwenye mkeka kuzunguka sinia la ugali na maharagwe, binti yangu amenawa mikono, ameinyoosha. Niliushika ule mkono kabla haujafika. Wale wa nyumbani walielewa nilichotaka kufanya, wakapiga kelele: "Mama, hapana! Mutoto hajakula!" Nikamtoa nje ya uzio, nikachutama mbele yake. Nikamwambia kwa maneno matatu, bila kuzunguka. Kwamba baba amekufa. Kwamba harudi.

Alinitazama. Akanipiga kifuani kwa mkono wake uliokuwa na maji bado. Akanipiga tena. Kisha akakaa chini na hakula siku ile, wala kesho yake, na wanawake wa matanga walinitazama kama mchawi. Nilijiambia ni sawa. Nilijiambia angalau huyu hakudanganywa na sahani.

Tumerudi kwa Muzee. Si kwa kutaka kwangu. Binti ndiye anayeomba, Jumapili, akishavaa viatu. Fromaji sasa inaletwa na mtu mwingine, ina chumvi nyingi. Msichana anaweka uma mbili, na mimi naagiza ila sili. Siwezi kula mbele ya watu tena. Mtu akinisogezea chakula natazama uso wake kwanza, natafuta anachokificha.

Na binti yangu hagusi sahani, si pale, si nyumbani, si hata uji wa asubuhi, mpaka auweke mkono wake wazi juu ya meza na kuniuliza:

"Mama, kuko habari?"

Pizza inapoa, fromaji inaganda. Namwambia hakuna habari. Ananichunguza usoni muda mrefu, kama mkubwa.

"Kweli hakuna?"

"Hakuna, mama yangu. Kula."