Shahidi wa Parseli ya Munigi

Mimi si mutu wa kutulia. Hata chungu cha maragi nakifunua mara kumi kabla hakijachemka, na marehemu mama yangu kule Bukavu alikuwa akisema nimezaliwa na siafu miguuni. Lakini sijawahi kuhangaika kama zile siku tatu nilizojificha Katindo, kwa dada yangu, kwa ajili ya parseli moja, kiwanja cha Munigi, pembeni mwa Goma.

Kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi za mauzo ya viwanja. Nina mwandiko mzuri. Masista walinifundisha kwa rula juu ya vidole. Aliyeniletea wateja ni komisioneri, yule mutu wa kati anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi. Mcheshi huyo, we! Viatu vyake viling'aa hata kwenye vumbi jeusi, na kila wakubwa wa mji walipobadilika, yeye ndiye wa kwanza kujua kashe mpya, ule muhuri wa karatasi, inapigwa kwa mlango gani. "Ukienda kwa wenye chongo, mama, na wewe funga lako jicho," alizoea kuniambia, akicheka. Na mimi nilicheka. Tena sana.

Muzee wa hiyo parseli aliletwa na huyo huyo. Alikuwa mfugaji wa Masisi. Vita vilimkimbiza, akakaa chini ya hema pale kambini Kanyaruchinya mpaka alipochoka, akauza ng'ombe wa mwisho aliobaki nao ili anunue ile parseli. Mawe matupu! Volkano ilipita pale, hata kitunguu hakioti. Nilipomaliza kuandika, aliniomba nisome mara mbili. Mpaka wa juu, jiwe kubwa lenye ufa. Mpaka wa chini, choo cha jirani. Alicheka kidogo kwa ajili ya choo, kisha akaniuliza, "Mama, hapa hakuna mutu ataniambia tena hama?"

Nikamjibu hakuna. Nikaweka sahihi yangu kama shahidi, kama nilivyofanya kwa karatasi zote.

Wakubwa wakabadilika tena. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa aliyepiga kashe kwenye karatasi ya muzee, alishakimbia, na muuzaji alishakufa. Ikatoka amri: kila mwenye kashe ya zamani aje biro, ofisini kwa kartie, siku atakayopangiwa, pamoja na shahidi wake, apigiwe mpya. Asiye na shahidi, parseli inarudi kwa kartie, igawiwe upya. Shahidi wa muzee aliyebaki nilikuwa mimi peke yangu.

Asubuhi moja komisioneri akaja kwangu. Hata kiti alikikataa. Alisema kuna mfanyabiashara, rafiki wa wakubwa wapya, ameipenda ile parseli kwa sababu barabara itapita karibu.

"Sikuombi useme uongo," akaniambia. "Usionekane tu. Siku tatu. Na karatasi ya nyumba yako, hiyo itapita ya kwanza."

Nyumba yangu nayo ilikuwa na kashe ya zamani. Niliogopa, basi. Nina watoto wanne na paa moja. Nikachukua vitenge viwili, nikaenda Katindo.

Siku ya kwanza nilifagia ua wa dada mara nne, mpaka akaninyang'anya ufagio. Siku ya pili muzee alianza kupiga simu. Nikaiweka simu chini ya godoro, nikatoka nje, bado nikawa naisikia. Nilijiambia ni mawe tu, Goma yote ni mawe, muzee atapata mengine. Wapi! Nilijua najidanganya, na nilijichukia.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku yake. Nilivumilia mpaka saa sita mchana, nikatoka bila kuaga, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikamfokea motari njia nzima kana kwamba yeye ndiye aliyenichelewesha. Pale biro nikaingia nikisukuma watu.

"Shahidi ni mimi! Nimekuja!"

"Shahidi wa nani?" karani akauliza, hata kichwa hakuinua. Nikamtajia jina la muzee. "Huyo tumemwita mara tatu, hayuko. Imekwisha. Parseli imerudi kwa kartie."

Mlinzi wa mlango ndiye aliyenieleza. Muzee alifika wa kwanza kabisa, akakaa kwenye benchi na karatasi yake. Kisha komisioneri akaja, akamwambia shahidi wake ni mgonjwa sana, amelazwa. Muzee akasimama papo hapo, akaondoka.

Nilimtukana komisioneri kwa lugha zote ninazozijua. Halafu nikarudi nyumbani kwa miguu.

Muzee alikuwa amekaa mlangoni pangu, kidumu cha maziwa kati ya miguu yake.

"Ee mama! Nimezunguka hospitali tatu, wanasema hawakujui. Nikasema nijaribu hapa. Mambo ya kashe nitarudia kesho. Mutu akiumwa, kwanza ni mutu."

Nikamwambia yote, bila kupumua: komisioneri, Katindo, simu chini ya godoro, jina lake lililoitwa mara tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama ile karatasi yake.

"Kwa hiyo hukuwa mgonjwa?"

"Hapana, papa."

"Aksanti Mungu," akasema, akanisogezea maziwa.