Mafuta ya Gia Yaliyoungua

Pikapu yangu ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini nilipoinunua, tena ya otomatiki. Kijijini kwetu Kilangala watu walinicheka. Walisema gari la mizigo lisilo na klachi ni sawa na jembe lisilo na mpini. Goti langu la kushoto liliumia nikiwa kijana na klachi inanitesa, kwa hiyo niliwaacha waseme. Kwa misimu minne ilibeba ufuta, mihogo na korosho bila matatizo.

Mambo yaliharibika baada ya kumwazima kaka yangu mkubwa, anayeishi Kilwa Masoko. Aliihitaji siku tatu abebe matofali ya nyumba yake. Iliporudi niliona gia zinachelewa kubadilika. Kwenye kilima injini ilinguruma sana lakini gari halikuwa na nguvu, na mwisho wa safari nilisikia harufu ya kuungua ikitoka chini. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikaa katikati kama siku zote, basi sikulifikiria joto hata kidogo. Nilimfikiria kaka. Nikampigia simu.

"Shikamoo, kaka. Hivi ulivuta nini na gari langu?"

"Marahaba. Sikuvuta kitu. Nilibeba matofali, tena kidogo kidogo kama ulivyoniagiza."

"Sasa gia zimeharibikaje?"

Alinyamaza, kisha akasema, "Sijui."

Ule ukimya niliuhesabu kuwa ushahidi. Nikamwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, na tangu siku hiyo hatukuongea kwa miezi mitano. Hata salamu za Idi zilipitia kwa mama.

Mama alikuwa akiishi kwa kaka. Ulipofika wakati wa kuvuna ufuta, aliniambia anataka kuja kukaa kwetu kwa muda. Nilikwenda kumchukua asubuhi, saa ambayo nilijua kaka yuko kazini. Nikapakia kitanda chake, magunia matatu ya nazi, kinu na mchi, tukashika njia ya kusini.

Tulipovuka mto Mbwemkuru na kuanza kupanda, mama alivuta hewa puani.

"Mwanangu, gari lako linanuka kama karanga zilizosahauliwa kikaangoni."

"Ni kawaida yake, mama."

"Kitu kinachoungua si kawaida."

Nikakanyaga mafuta zaidi. Tulikuwa hatujafika juu gari lilipoacha kuvuta. Injini ilipiga kelele, matairi hayakupata kitu, tukaanza kurudi nyuma. Nilishika breki, nikavuta na ya mkono, nikazima injini, nikashuka kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Nilifungua boneti nikitegemea kukuta maji yanachemka kwenye rejeta. Hayakuwa yanachemka. Lakini chini, katikati ya gari, mafuta meusi yalikuwa yakidondoka barabarani.

Nilipoinuka nilimkuta mama amefungua pindo la khanga na kutoa simu.

"Njoo utuchukue," alikuwa akisema. "Tuko mlimani, gari limekufa. Linanuka mafuta yaliyoungua. Ndiyo, na yeye yupo. Kwani atakwenda wapi?"

Kaka alifika baada ya adhuhuri na kenta, lori dogo aliloliomba kazini kwake. Nilimwamkia, akaitikia, akaishia hapo. Kwa aibu nikakimbilia kutoa kamba.

"Rudisha hiyo kamba," alisema. "Gari la otomatiki halivutwi matairi ya nyuma yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, gia zinazunguka bila kupelekewa mafuta. Utamaliza hata kile kilichobaki."

Nilisimama na kamba mkononi. Mtu anayejua hivyo angeliharibuje gari langu kwa ujinga?

Alikuwa amenunua mafuta ya gia njiani, kwa sababu tu mama alitaja harufu. Tuliyaongeza gari likiwa limeshapoa. Mzigo ukahamia kwenye kenta, mama naye. Nikaendesha pikapu tupu polepole, kaka akinifuata nyuma. Tulisimama mara tatu kuipumzisha kabla ya kufika Kilangala.

Kesho yake tulikwenda wote wawili Mingoyo, kwa fundi mmoja mzaliwa wa uwanda wa Makonde ambaye kazi yake ni giaboksi tu. Aliacha injini ikiunguruma, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akakifuta kwenye kitambaa cheupe.

"Mafuta haya yakiwa mazima ni mekundu. Tazama."

Kitambaani palikuwa na doa la kahawia, karibu na weusi.

"Lakini mshale wa joto haukupanda," nilijitetea.

"Mshale ule unapima maji ya injini. Mafuta ya gia yanaweza kuchemka mpaka yakafurika na kudondoka, yakaungua yote, na mshale usiseme neno."

Akaingia chini ya gari, akagusa mabomba mawili yanayopeleka na kurudisha mafuta kwenye rejeta ndogo ya kuyapoza. Moja lilimchoma, la pili lilikuwa la vuguvugu tu. Akalifuata kwa vidole hadi mbele, nyuma ya ngao ya chuma iliyo juu ya bampa.

"Nani alifunga ngao hii?"

Nilikuwa nimeifunga mimi, baada ya kugonga mbuzi, wiki moja kabla kaka hajaliazima gari. Nilikaza bolti kwa nguvu zangu zote. Kishikio cha ngao kilikuwa kimelilalia bomba na kulibana, mafuta yakawa yanapita kwa tabu. Rejeta ndogo yenyewe ilikuwa imejaa tope na makapi ya ufuta.

Kaka alichuchumaa kando yangu, akalitazama bomba.

"Kaka, ni mimi," nilisema. "Nisamehe. Nilikutukana bure."

Alijifuta mikono kwenye suruali. "Si bure kabisa. Siku ya pili ya matofali niliisikia ile harufu. Nikasimama, nikaliacha lipoe, nikaendelea. Sikukwambia. Niliogopa utasema nimekuharibia gari."

"Na kweli nilisema."

"Ulisema."

Fundi akacheka chini ya gari. "Mmoja kaziba bomba, mwingine kaziba mdomo. Nileteeni spana namba kumi na nne."

Alibadilisha bomba, akasafisha rejeta ndogo, akamwaga mafuta na kuweka mapya pamoja na chujio. Baada ya wiki akarudia kuyabadilisha, kwa kuwa mara ya kwanza hayatoki yote. Alinionya nisipande mlima na mzigo nikiliachia gari lijichagulie gia. Niteremshe gia mwenyewe mapema. Na nikisikia harufu, nisimame, niweke gia kwenye P, ile ya kuegesha, niache injini iungurume taratibu ili mafuta yaendelee kuzunguka na kupoa. Kuzima ghafla, kama nilivyofanya mlimani, kunayaacha yakiiva mahali pamoja.

Gari bado linashtuka kidogo asubuhi likiingia gia ya tatu. Fundi alisema hilo halitapona, nalo halijazidi.

Mama alikaa kwetu mpaka ufuta ukaisha shambani. Baadaye kaka aliomba tena gari, safari hii abebe mchanga. Siku ya kulirudisha alinipigia akiwa bado njiani.

"Nimesimama mara mbili," alisema. "Nimepima mafuta, mekundu. Kwenye kona ya shule nimekwangua mlango. Nakwambia mapema."