Dirisha Lenye Jua la Asubuhi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Gitting, mwaka ule nilipoolewa. Jana, mwanangu, ulipoingia na trei zako za miche, wewe mke wa kijana wangu, uliniuliza swali nikanyamaza. Usidhani nilikasirika. Kaa nikujibu, ila uvumilie, maana mimi nikieleza jambo naanzia mbali.

Nilikuja hapa kutoka kwetu Nangwa na mbegu za nyanya kwenye kitambaa, na maringo kidogo. Nje kuku wanaparua kila kitu, na baridi ya usiku inaua miche michanga, nikaamua kuotesha ndani. Nilitoboa makopo chini kwa msumari, nikachekecha udongo, nikachanganya na samadi iliyooza na mchanga kidogo. Hapo sikukosea.

Nyumba ilikuwa na dirisha hili moja tu linalopata jua la asubuhi. Chini yake palikuwa na kigoda cha mama mkwe wangu. Magoti yalimsumbua sana, ikabidi aote jua kwanza ndipo aweze kutembea. Nikakisogeza kigoda, nikaweka benchi na makopo yangu kumi na mawili.

"Weka tu, mwanangu," alisema, akahamia jikoni kwenye moshi. Nami nikaona amekubali.

Miche ikaota, imesimama wima, nikajisifu kwa majirani wote. Mpaka asubuhi hiyo niliporudi mapema kutoka kisimani, nikamkuta mama amesimama dirishani, mkono mmoja ukutani, miguu imevimba, anageuza makopo moja moja.

"Shikamoo mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nawageuza watoto wako. Usipowageuza wanalala upande mmoja, wanakimbilia jua. Siwalaumu. Hata mimi ningelikimbilia, ila miguu ndiyo hii."

Hakupandisha sauti. Hakunisema kwa mume wangu wala kwa akina mama wa kanisani. Nililia, nikamwomba msamaha. Akaniambia niache kulia, nikaazime msumeno.

Tulikata benchi nusu, makopo yakakaa upande mmoja, kigoda upande wa pili. Tangu hapo aliota jua huku akigeuza miche ameketi. Nyanya zile tulizila, tukagawa, na yeye akaanza tena kwenda kanisani kwa miguu yake. Magoti hayakupona kabisa, lakini alikwenda. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili ya yule mama.

Sasa kigoda ni changu, na magoti mabovu ni yangu. Jana ukasimama na trei zako mkononi, ukaniuliza, "Mama, nikiziweka hapa, wewe utaota jua wapi?" Mimi sikumuuliza mama mkwe wangu hivyo, mwanangu. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikuwa nashukuru.

Basi, jibu langu ni hili. Weka miche yako hapa, uniachie nusu. Igeuze kila siku, na kabla ya kuihamishia bustanini izoeze kutoka nje mchana kidogo kidogo. Na popote utakapotaka kuweka kitu chako, uliza kwanza nani huketi hapo.

Mungu azioteshe mbegu zako zote, na ukizeeka akupe mkwe wa kukuuliza kama ulivyoniuliza. Haya, lete hizo trei. Nitazigeuza mimi.